Kombe Ndani ya Jiwe la Kanisa

Mbele ya karakana ya kuchonga mawe lipo benchi refu la mbao ambalo mguu wake mmoja ulivunjika zamani, likaegemezwa juu ya jiwe la kaburi lililokosewa jina. Hapo ndipo wenyewe hukutana kila alasiri. Yupo Breki, fundi baiskeli, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Yupo Wakili, mlinzi wa ghala la jirani, ambaye mahakama anaijua kwa nje tu. Na yupo Shangazi mwenye birika, anayewamiminia kahawa na kuwakatiza maneno. Mwenye karakana wanamwita Patasi, kijana mpole, mikono yake mizuri kuliko maneno yake. Siku hiyo Patasi hakuketi. Alisimama mlangoni akiitazama njia kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Na kweli hukumu ilikuwa njiani. Jumapili kanisa lao lilikuwa linaweka jiwe la msingi, na Patasi alikuwa amejitolea kulichonga: MUNGU NDIYE MWANZO. Mzee wa kanisa aliahidi kupita alasiri hiyo kulikagua, kisha kutoa jibu la jambo lingine, maana Mzee huyo ndiye baba wa muuguzi ambaye Patasi alitaka kumwoa. Bahati mbaya, siku moja kabla ya ukaguzi huo, katika kupiga msasa wa mwisho, uso wa jiwe ulifunguka pembeni mwa neno MWANZO, na likachungulia kombe la bahari, gamba zima lenye mistari yake yote. Bahari yenyewe iko mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. Na Mzee alijulikana: miaka ya dunia aliihesabu kutoka kwa Adamu, baba kwa mwana, na hesabu yake haikufika hata elfu saba. Aliwahi kuchana picha ya mijusi mikubwa ya kale mbele ya darasa la watoto. Basi Patasi alichanganya unga wa jiwe na gundi, akaliziba kombe. Kiraka kilipokauka kikawa cheupe kuliko jiwe, kikaonekana hata na asiyetazama.

— Nani alikushauri uzibe? aliuliza Shangazi.

— Mimi, alisema Breki bila haya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

— Umemharibia mwenzio.

— Nimemwokoa! Na hata Mzee akiliona, jibu si lipo? Gharika. Maji ya Nuhu yalifika juu ya milima, yakabeba makombe, yakayamwaga huku. Yalipokauka, kwisha habari.

Wakili alitua kikombe taratibu, kama anavyoona wanasheria wanafanya.

— Swali dogo, mheshimiwa. Kombe ni kiumbe wa wapi?

— Wa majini.

— Kwa hiyo unaliambia baraza kwamba kiumbe wa majini alikufa maji?

Shangazi alicheka mpaka mfuniko wa birika ukacheza. Patasi alijaribu kucheka, ikamshinda.

— Ile ilikuwa mvua! alijitetea Breki. Mvua haina chumvi! Kombe alizoea chumvi, akapewa maji matupu. Hata wewe ukinyimwa chumvi wiki mbili tutakuzika.

— Acha hizo. Sikilizeni sheria inavyosema. Adamu alipoumbwa alikuwa mtoto?

— Mtu mzima, alijibu Shangazi.

— Ndevu anazo. Siku ya kwanza kazini, ndevu zote. Ukimuuliza umri atasema nimezaliwa asubuhi. Sasa kama mtu aliumbwa mkubwa, dunia ishindwe kuumbwa mzee? Iliumbwa na mikunjo yake, mawe yake, makombe ndani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Methali hiyo inaingilia wapi?

— Inaingilia hapohapo.

— Basi Mungu aliumba kombe ambalo halijawahi kuishi? Limekufa kabla ya kuzaliwa? Shangazi alitikisa kichwa. Mungu ninayemwomba mimi hanidanganyi hivyo.

Wakili akaona kesi inamponyoka, akabadilisha mashtaka.

— Basi ni yule adui. Shetani. Ushahidi wa kupandikizwa, kesi za hivyo zipo. Anazunguka usiku na gunia la makombe, anachomeka moja moja, watu wenye imani haba waje wababaike.

— Na wewe mlinzi, hujawahi kumwona?

— Hapiti upande wa ghala.

— Labda kwa sababu umelala, alisema Shangazi. Mimi nina langu moja tu. Jua liliwekwa siku ya nne, sivyo?

— Sivyo vipi, ndivyo.

— Hizo siku tatu za mwanzo, alfajiri yake waliijuaje? Mimi nikiamka umeme hakuna na mawingu yametanda, sijui kama ni saa kumi na moja au saa mbili. Siku ya Mungu anaijua Mungu. Nyie mnambana kwa saa za mkononi.

Aliwajazia vikombe, akidhani yamekwisha. Lakini Breki na ukimya hawajawahi kukaa nyumba moja.

— Nimepata! Njooni kwenye baiskeli. Ile pale ya mteja: fremu ya babu yake, tairi za mwaka jana, mnyororo nimeufunga leo. Umri wake?

— Hauna.

— Haswa! Ndiyo dunia hiyo. Mungu alikuwa na dunia nyingine zamani, ikachakaa. Akaifungua, spea nzima akaziweka kando, akaunga hii. Kombe ni spea!

— Mungu ananunua mitumba? Wakili aliuliza kwa uchungu wa kweli.

— Hanunui. Za kwake mwenyewe!

— Mimi naona tupo chini ya bahari, alisema Wakili, ambaye hakukubali kushindwa. Bahari imetoka kidogo tu, imeenda matembezi. Itarudi. Ndiyo maana sijengi nyumba.

— Hujengi kwa sababu ya uvivu.

— Tahadhari kabla ya hatari.

Patasi aliwasikia kwa mbali. Kichwani mwake alikuwa anachagua. Angeweza kusema jiwe lilikuwa na kasoro, naye akaiziba, na huo usingekuwa uongo mkubwa. Jiwe lingine la ukubwa ule hakuwa nalo, na lori la machimboni lisingekuja kabla ya Jumapili. Akafikiri jinsi yule muuguzi alivyomwambia kwenye lango la zahanati: baba yangu anasamehe mengi, ila hataki kubembelezwa.

— Anakuja, alisema Shangazi, na wote wakakaa wima kama wanafunzi.

Mzee alifika na fimbo yake na koti lake la kila siku. Alipokea shikamoo zote, akaitikia moja moja, kisha akaingia moja kwa moja karakanani. Hakusoma maandishi. Alipitisha kiganja juu ya jiwe polepole, kama mtu anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Kiganja kikasimama kwenye kiraka.

— Kijana, hapa pana nini?

Breki alikohoa kikohozi cha kutoa ishara. Wakili akanong'ona, "Kasoro, kasoro." Patasi alilitazama jiwe, akamtazama Mzee.

— Pana kombe, Mzee. Kombe la bahari, lilikuwa ndani ya jiwe. Nimeliziba mimi.

— Kwa nini?

— Niliiogopa hesabu yako.

Mzee aliegemeza fimbo ukutani, akavuta ndoo tupu ya chokaa, akaifudikiza, akaikalia.

— Hata mimi naiogopa, alisema.

— Mzee?

— Nimeijumlisha tangu nikiwa kijana kama wewe. Fulani akamzaa fulani, fulani akaishi miaka kadhaa. Kila nikijumlisha napata jibu jingine. Juzi nimekosa zaidi ya miaka mia, sijui ilipotelea wapi.

Alifuta uso kwa leso.

— Ile picha ya mijusi mnayonisema nayo kila siku, mnajua nilichana kwa nini? Mtoto mmoja aliniuliza, babu, na hawa Mungu aliwapenda? Sikuwa na jibu. Nikaona haya, nikachana. Mtoto alilia. Mpaka leo nikimwona njiani nabadilisha upande.

Patasi akachutama karibu yake.

— Kwamba ameumba Yeye, hilo nalijua, aliendelea Mzee. Hilo nililijua siku mama yake binti yangu alipopona, sikulijua kwa kujumlisha. Lini, sikuwepo. Kama imani yangu ingekuwa imesimama juu ya ile hesabu, ingeshaanguka kila nilipokosea. Nani kakufundisha kuziba?

Benchi zima lilimgeukia Breki.

— Wahenga, Mzee! Walisema usipoziba ufa…

— Walisema ufa. Hili ni kombe. Chukua patasi, mwanangu, lizibue.

Patasi alichukua patasi ndogo kuliko zote. Gundi ilikuwa bado laini kwa ndani, ikatoka vipande vipande, naye akamalizia kwa brashi na maji. Kombe likarudi nje na mistari yake, kando kabisa ya neno MWANZO. Mzee aliinama akaligusa kwa ncha ya kidole, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo sokoni.

— Limependeza, alisema. Jumapili nitamwita yule mtoto aje kulishika wa kwanza.

Furaha ilimjaa Patasi mpaka akaona aibu nayo. Shangazi alitaka kummiminia Mzee kahawa, akainamisha birika, likatoa tone moja na masimbi ya kahawa. Mzee akakichukua kikombe alichomiminiwa Patasi mapema, kilichokuwa kimepoa bila kuguswa, akanywa chote bila kuuliza.

— Haya, alisema akisimama. Jiwe nimelipokea. Na nyumbani njooni Jumamosi. Sitaki kusikia habari za gharika wala za mijusi. Mshenga wako ni nani?

Patasi aligeukia benchi. Breki alikuwa anakagua ukucha wake. Wakili alikuwa ameona kitu cha maana sana upande wa ghala. Watu waliojua dunia iliungwa kwa spea gani sasa walikuwa na shughuli nyingine.

— Ni mimi, alisema Shangazi, akilifuta birika. Hawa nitawaacha walinde benchi.