Maji Meupe kama ya Josho

Mwangaluka, wazazi na vijana. Katekista ameniomba niseme na hawa vijana wanaotoka hapa kwenda kuanza kazi. Nikamwambia, mimi shule yangu iliishia darasa la pili, na hilo la pili nusu yake nilikuwa machungani. Akasema ndiyo maana nimekuita. Basi nitasema. Jina la mtu sitataja, wengine wana wajukuu humu ndani.

Mimi nilikuwa kibarua wa josho. Ninyi vijana mnaliona lile shimo limeota magugu, hamjui lilivyokuwa. Ulikuwa mfereji mrefu wa saruji wenye maji ya dawa. Ng'ombe anaruka ndani, anaogelea, anatokea upande wa pili, kupe wote wanakufa. Kazi yangu ilikuwa kujaza maji na kufungua lango. Kupima dawa ilikuwa kazi ya bwana mifugo, mtu wa Mkula, mpole, mwenye kikohozi kisichokwisha. Alipima kwa kijiti chenye alama, akaandika. Mimi nasimama pembeni natazama maji yanavyogeuka meupe, kama maziwa yaliyozidi maji. Miaka yote ile sikumuuliza hata mara moja kwa nini kiasi hiki na si kile. Ningeuliza, angegundua kwamba kile kijiti siwezi kukisoma. Na nilikuwa na koti la kaki la kazini, ndugu zangu! Lile koti hata siku ya kupeleka posa nililivaa, jua linawaka, jasho linanitiririka mpaka wakwe wakadhani ninaumwa homa. Hayo ni mengine, nirudi.

Ikaja miaka ya soko huria. Wanunuzi wa pamba wakaingia vijijini kila mtu na mizani yake, na serikali ikapunguza watumishi. Bwana mifugo akapunguzwa, akarudi kwao. Dawa ikaacha kuletwa. Josho likakauka, vyura wakakaa kidogo, nao wakahama. Lakini kupe hawakupunguzwa.

Watu wakaanza kunifuata nyumbani. "Si wewe ulikuwa josho? Njoo utuoshee ng'ombe, daktari." Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikanyamaza. Mara ya tatu nikaitika.

Nilikuwa nanunua dawa gulioni Bariadi, kopo lenye picha ya ng'ombe. Naichanganya kwenye ndoo mpaka maji yawe meupe kama ya josho, natia kwenye bomba la kunyunyizia pamba, naosha. Kupe wakafa. Nawaambieni, hakuna kitu kibaya kama kukosea halafu mambo yakaenda vizuri.

Msimu mmoja makopo ya picha ya ng'ombe hayakuonekana sokoni. Jirani yangu mmoja, mwenye zizi kubwa kuliko yetu sote, akanijia asubuhi. "Daktari, masikio ya ng'ombe wangu hayaonekani kwa kupe." Ningesema sina dawa, yangeisha pale pale. Lakini nyumbani nilikuwa na chupa ya dawa ya pamba. Nikajiambia, dawa ni dawa, zote zinaua wadudu. Nikaimimina kwenye maji. Yakawa meupe. Nikaridhika.

Tukiwa tunaosha, akapita mama mmoja mjane, mzee, kabeba kikapu cha mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia moto. Wengi wetu kuni hatuna, mnajua, na moshi ule ulikuwa umeyafanya macho yake kuwa mekundu miaka mingi. Akasimama, akanusa.

"Mbona ng'ombe wananuka kama shambani?"

"Mayu, mama yetu, wewe peleka mavi yako," mwenye zizi akamjibu, watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jua lilipofika utosini, ndama wa kwanza akaanza kutoa mate. Akatetemeka ngozi nzima, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, akapiga magoti. Kisha mama yake. Kisha dume. Mpaka alasiri walikuwa wamekufa ng'ombe tisa, na wengine wamesimama wanatetemeka, wanatutazama.

Nilijua. Sitawadanganya ndani ya kanisa. Nilijua tangu yule ndama wa kwanza. Nikaichukua ile chupa, nikaifukia nyuma ya ghala langu.

Halafu nikamsikia mtu anasema, "Yule bibi alisema neno, ng'ombe wakaanguka." Akasema mmoja tu, wala si kwa sauti. Lakini niliona vichwa vinageuka kimoja kimoja kuelekea nyumba ya yule mama.

Siku ya pili mwenye zizi alikwenda kwa mganga, akapasuliwa kuku. Akarudi na maneno: ni mwanamke, ni jirani, ana macho mekundu. Ninyi mlio wadogo mnasikia kama hadithi. Sisi tulijua maneno hayo yanaishia wapi. Kisimani wanawake wakaacha kuchota akifika yeye. Akisalimia, hakuna anayeitika. Nikapita kwenye jiwe la kunolea, nikakuta vijana wanne wananoa mapanga, na haukuwa msimu wa kufyeka chochote. Wakanipokea vizuri. "Pole, daktari. Wala si kosa lako." Moyo wangu, Mungu anisamehe, ukapoa.

Nyumbani mke wangu akaniuliza, "Ile dawa ya pamba iko wapi?"

"Imekwisha."

"Imekwishia shambani au imekwishia zizini?"

"Wewe mwanamke, nyamaza."

"Nitanyamaza. Leo nimempelekea yule mama maji, watu wananitazama kama na mimi nimekwisha kufa. Ana mfuko wa nguo mlangoni, amefunga tayari, hajui aelekee wapi. Wewe kula ugali wako."

Sikuula.

Siku ya tatu saa nne ukaitwa mkutano wa kijiji. Yule mama akakalishwa chini, katikati, peke yake, kanga yake kaikunjia magotini. Wale vijana wanne walisimama nyuma yake. Akaambiwa ajitetee. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilinusa dawa ya pamba. Nikasema. Muulizeni daktari alitia nini."

Mwenye zizi akaruka. "Unamsingizia mtu aliyefanya kazi josho miaka yote! Daktari, simama uwaambie watu. Dawa yako ilikuwa na kosa?"

Nilikuwa na jibu tamu mdomoni. Neno moja tu: haikuwa. Ningelisema, ningebaki daktari, na yule mama asingefika kesho. Nikasimama. Kilichonitoka si kile nilichokipanga. Nilisema, "Mimi sijui kusoma."

Watu wakadhani nimerukwa na akili. Nikasema tena, "Sijui kusoma. Sikuwahi kupima dawa. Nilikuwa nafungua lango." Nikaenda nyuma ya ghala, nikaifukua chupa na udongo wake, nikarudi nayo mkutanoni, nikampa mwalimu wa shule. Akaifuta kwa kiganja, akasoma, akageuza kwa Kiswahili: ni ya pamba, ni sumu kwa mifugo, ni sumu kwa watu. Halafu akaisoma tena bila kuombwa.

Wale vijana walitoka nyuma ya yule mama, wakaja nyuma yangu. Nilipigwa, sikatai. Mwenyekiti ndiye aliyewazuia nisife. Ng'ombe wangu wote walikwenda kujazia zizi la jirani, hata maksai wa plau. Misimu miwili mimi na mke wangu tulilima kwa jembe la mkono, na watu wakipita barabarani wanatuita, "Daktari, pole na kazi!"

Nikaazima baiskeli nikaenda Mkula kwa bwana mifugo. Nikamweleza yote. Akakohoa weee, kisha akaniuliza, "Miaka yote ulisimama hapa kwenye bega langu. Mbona hukuuliza?"

"Niliona aibu."

"Na sasa?"

"Sasa imekwisha yote."

"Haya, kaa chini." Alianza na herufi, hakuanza na dawa. Nilikwenda na kurudi mwaka mzima.

Yule mama alihamia Bukundi kwa kaka yake. Nilimfuata kuomba radhi. Akanipa maji, akaniuliza, "Siku ya kwanza ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mayu."

"Na ya pili?"

"Nilijua."

"Kunywa maji, urudi kwako."

Sikupewa neno jingine, na sikustahili. Alikufa miaka mingi baadaye, kwa maradhi ya uzee, kitandani kwake, watoto wa kaka yake wakiwa naye. Nilipoletewa habari nilikaa chini nikashukuru, mke wangu akanishangaa.

Nawashukuru: mke wangu, yule pale kajificha nyuma ya nguzo, kwa kunipikia ugali ulionishinda kumeza. Bwana mifugo, Mungu ampumzishe. Mwalimu aliyesoma mara mbili. Na yule mama, aliyesema kweli akiwa na kikapu kichwani, nikamcheka.

Vijana, huko mnakokwenda watawapa majina makubwa kabla hamjajifunza kazi. Fundi, injinia, daktari. Yatawakaa vizuri kama koti. Siku ileile mwambie mtu, hili bado silijui, nifundishe. Ukingoja siku ya tatu, utakuta kuna mtu amekalishwa chini kwa ajili yako, na huenda wewe usiwahi kusimama. Mimi nilikaribia sana kutosimama. Wabeja, asanteni.