Likwata Alivyokiogesha Kijito

Pale Mitole, ubavuni mwa mashine ya kusaga, kuna gogo la mkorosho lililolainishwa na makalio ya watu wasio na haraka. Hapo Maftaha anauza kahawa na kufuga bata wake watano. Na hapo Likwata, anayeitwa Injinia ingawa shule aliiacha darasa la tano kwa hiari ya mwalimu, alikuwa ametulia asubuhi hiyo kama mtu mwenye siri tamu.

Habari ya mjini ilikuwa moja. Wataalamu wa ofisi ya bonde la mto wanapita kila kijito kinachoingia mtoni, wanakipima afya na kukipa maksi. Kijito chao cha Nambunju kikifeli, bustani zote zilizo ndani ya mita sitini zinafungwa ili kipumzike. Likwata ana matuta ishirini ya bamia na mchicha humo, na la mwisho limelala ukingoni kabisa, miguu majini.

— Wanapima kwa wadudu, alisema Yassin, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Wanawamwaga kwenye beseni jeupe, wanawahesabu. Mimi kisa nakijua. Wanapelekwa nje kutengenezewa dawa ya upara.

— Ya kunywa au ya kupaka? aliuliza Maftaha, ambaye kofia haimtoki kichwani.

Shamte, aliyekuwa akisubiri unga wake, akasema Redio anadanganya watu. Wadudu wale wananusa gesi. Gesi yote ya pwani hii iligunduliwa na konokono, wageni wakajipa sifa.

Likwata aliwaacha wamalize upuuzi wao.

— Nyumba ikikutwa na kunguni, inasifiwa? Wanatafuta uchafu hao. Nami nimewamalizia kazi.

Akaeleza alivyoburuta chandarua kijitoni siku tatu, akatoa viluwiluwi, konokono, hata vile vijidudu vinavyojibanza chini ya mawe, jiwe moja moja akiligeuza na kulisugua kwa brashi. Ndoo saba. Bata wa Maftaha wamekula mpaka wakasusa.

Hajamaliza kujisifu, akaja Stefania, binti mtaalamu, viatu vya mpira hadi magotini, beseni kwapani.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu. Karibu kahawa.

Alikaa kama aliyetoka msibani. Kipande chote cha Nambunju kinachopita bustanini amekizunguka, alisema. Maji maangavu, mawe yanang'aa, lakini mdudu hata mmoja hakuna. Kijito chenye afya hujaa wadudu, na wale wa chini ya mawe ndio hutangulia kufa maji yakiharibika. Akikuta sifuri, yeye huandika sumu. Na sumu hutoka bustanini.

Likwata alikiweka kikombe chini.

— Kwa hiyo nauliza tu kabla sijaandika. Wadudu wamekwenda wapi?

Redio ikazima. Shamte akaenda kuuangalia unga ambao haujaanza kusagwa. Likwata akaitazama kalamu mkononi mwa Stefania, akaiona iking'oa bamia tuta kwa tuta. Akalitazama na gogo, akajua kuwa neno lolote atakalotamka sasa litakaa hapo miaka ishirini. Bata mmoja akapita, tumbo likiburuta chini.

— Muulize huyo, akasema mwishowe. Aliyemlisha ni mimi.

Akakiri yote, ndoo kwa ndoo. Stefania hakucheka, wengine walimsaidia kucheka. Akafunga daftari. Akasema atarudi baada ya mwezi, wadudu watashuka wenyewe kutoka mkondo wa juu, ilimradi mtu asiguse hata konokono, bata wafungiwe, na lile tuta la ukingoni lihame.

Wiki haijaisha, Likwata yuko gogoni anaeleza jinsi bonde zima lilivyomteua mlezi wa wadudu. Kila asubuhi anashuka kuwajulia hali. Wadudu wengine wameanza kumtambua kwa sauti.

— Injinia, akauliza Maftaha, bata wake wakimlilia tengani, mpaka leo wamerudi wangapi?

Likwata akainua kikombe, akakikuta kitupu, akakinywa hivyo hivyo.