Mzee Mabaki na Kigeuzi Kilichogoma Kuondoka

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi na nusu jioni, fundi wetu wa kompyuta anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi hii ya ramani. Kwenye faili la utumishi ana jina refu la heshima. Sisi tunamwita Mzee Mabaki, naye huitika.

Jina hilo amelipata kihalali. Ukimwambia umeondoa programu kwenye kompyuta, hakupongezi. Anapandisha miwani na kuuliza mabaki je. Wengi wetu tulidhani kuondoa programu ni kufuta alama yake kwenye skrini na kwenda kunywa chai. Yeye alitufundisha, kwa subira kidogo na makelele mengi, kwamba programu huacha nyuma folda, mipangilio na viporo vingine.

Aliajiriwa kuchora ramani kwa mkono. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, mkuu wa wakati huo aliuliza ni nani asiyeiogopa. Mzee alikuwa mbele ya wenzake, wakamsukuma. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye fani.

Miaka kumi na minane iliyopita alituandikia Kigeuzi, programu isiyo na vitufe wala picha. Unaandika amri kwenye dirisha jeusi, nayo inageuza vipimo vya wapima ardhi kuwa ramani. Mwezi Machi mwaka huu tukaletewa Kigeuzi kipya, lakini kompyuta zikawa zinaendelea kukiamsha cha zamani, ambacho kwa vipimo vya sasa kilikuwa kinasogeza mipaka mita tatu. Mpima ardhi mmoja akajikuta anapigilia kigingi cha barabara jikoni kwa mama wa watu, akafukuzwa kwa mwiko.

Mzee akaapa kwamba hatasaini fomu ya kustaafu mpaka Kigeuzi cha zamani kitoke kwenye kompyuta zote arobaini na tatu. Hapo shemeji yetu, mkewe, akaanza kupiga simu ofisini. Wana mjukuu wa miaka miwili ambaye Mzee hajawahi kumtia machoni, kwa sababu kila likizo yake ilivunjwa na kompyuta ya mtu. Tiketi za safari zilikuwa za Jumamosi, tarehe mosi Julai. Shemeji alituambia wazi kwamba yeye atapanda basi, Mzee awepo asiwepo.

Basi kazi ikaanza. Kwenye kompyuta za Windows alikiondoa katika orodha ya programu, kisha akafuta anwani yake pale kompyuta inapopita kutafuta amri. Kwenye za Mac aliwinda folda zilizofichwa, zile ambazo majina yake huanza na nukta. Kwenye za Linux alikitoa kwa njia ileile kiliyoingilia, pamoja na mipangilio yake. Kila alipomaliza alifungua dirisha jipya, akaandika jina la Kigeuzi na kusubiri. Kompyuta ikijibu kwamba haikijui, alitabasamu kama mtu aliyesifiwa.

Ilibaki moja, ya Linux, ya dada mchoraji anayekaa dirishani. Kila jioni Mzee alikiondoa Kigeuzi, na kila asubuhi akakikuta kimerudi. Alimshuku dada mchoraji, ambaye alikana siku tatu, kisha akaacha kumsalimia. Akaushuku umeme. Akamshuku hata mlinzi wa getini, ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake.

Jumanne wiki iliyopita dada mchoraji, kwa hasira, alifungua mwenyewe faili ambalo kompyuta yake hulisoma kila inapowashwa. Humo akakuta mstari unaoagiza kwamba Kigeuzi kisipoonekana, kirudishwe. Kando yake palikuwa na maelezo: kuna mtu anafuta programu yangu, tutaona nani atachoka kwanza. Tarehe ilikuwa ya miaka kumi na moja iliyopita. Mwandishi alikuwa Mzee Mabaki.

Aliusoma mara mbili, akavua miwani, akaomba radhi mbele yetu sote. Mlinzi alipoombwa radhi aliuliza kwani alikuwa ameshtakiwa kwa lipi. Mstari ukafutwa pamoja na Kigeuzi chenyewe, kompyuta ikazimwa na kuwashwa, nayo ikajibu kwamba Kigeuzi haikijui. Mzee alisaini fomu palepale, juu ya goti.

Nami nikiri hapa: aliyekuwa akikifuta miaka ile, kompyuta hiyo ilipokuwa yangu, ni mimi. Nilihitaji nafasi ya picha za harusi yangu. Nisamehe, Mzee, na uniombee radhi kwa shemeji.

Tangu siku hiyo anajiondoa mwenyewe kwa utaratibu wake uleule. Kikombe kimekwenda nyumbani, ndala pia, na jina lake amelifuta kwenye zamu ya kuchemsha chai. Lakini juzi, akiwa hayupo, mashine ya kuchapishia ilitafuna karatasi, na watu wanne wakaita “Mzee!” kwa pamoja. Mmoja wao alikuwa mkuu wetu.

Asante kwa miaka yote hiyo, na kwa makelele yake. Tutakukumbuka sana, Mzee wetu. Nenda salama, ukampakate mjukuu, uishi kwa afya na raha. Jumatatu mashine itatafuna karatasi, nasi tutaita tena. Mabaki hayo tumekubaliana kutoyafuta.