Mstari Uliomezwa

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika, mimi, fundi cherehani wenu, ni mdogo wake marehemu, na karatasi hii nimekabidhiwa asubuhi ya leo na shemeji yangu, mke wa marehemu, mnivumilie ninapoisoma, maana humu ndani kuna maneno ya kaka mwenyewe ambayo wengine katika familia walitaka yazikwe naye, na mimi sijalala vizuri tangu niliposikia kwamba yapo.

Kaka alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, na marehemu mama alikuwa akisema kwamba alianza kulia kabla mkunga hajamgusa. Alisoma shule ya msingi mkabala na posta kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari, kisha chuo cha ufundi alikohitimu umeme mwaka 1984, na popote alipopita alijulikana kwa jina la Rudia, kwa sababu hakutoka nyumbani bila kurudi mara tatu kutikisa kufuli. Tulipomcheka alisema wasiwasi ndiyo akili, tukamjibu kwamba kama ni hivyo basi yeye ni profesa.

Tarehe 3 Septemba 1984 aliajiriwa na kampuni inayotengeneza pampu za kupitisha dawa kwenye mishipa ya wagonjwa, na mwaka 1991 aliwaandikia asembla, yaani programu inayogeuza maagizo ya mtaalamu kuwa namba ambazo pampu inazielewa. Mimi ni mtu wa nguo, lakini alinieleza hadi nikaelewa, kwamba ndani yake kuna sehemu iitwayo leksa, nayo huyakata maandishi neno kwa neno kama mkasi, na kwamba kuna kitu kiitwacho makro, jina moja fupi linalobeba mistari mingi, kama mteja anavyoniambia suti nami nikajua mifuko na vifungo vyote. Sasa mkasi ule ulikuwa na kasoro, ukifika mwisho wa makro ulimeza mstari unaofuata, na kaka, kwa kuogopa kugusa kitu kinachofanya kazi, hakuurekebisha, alibandika kanuni ukutani kwamba baada ya kila makro uachwe mstari mtupu, ili kinachomezwa kiwe si kitu. Waliokuja baadaye walidhani ni unadhifu tu, na yeye hakuwasahihisha.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1990, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja mwaka 1992 na mwingine 1996, wote wapo hapa, na alikuwa baba wa kupiga simu kuuliza kama mmefika kabla hamjaondoka.

Mwaka 2006 alikuwa msimamizi wa mwanamke mmoja hodari waliyemwita Nukta, ambaye aliandika makro yake bila kuacha ule mstari mtupu, na mstari uliomezwa ulikuwa ndio unaoiamuru pampu isimame. Tunashukuru ilikuwa pampu ya majaribio, ikamwaga maji kwenye ndoo hadi sakafu ikalowa, hakuna mgonjwa aliyeguswa, lakini Ijumaa tarehe 19 Mei Nukta aliachishwa kazi kwa uzembe, na katika kikao kile kaka alipoulizwa alisema tu kwamba kanuni ilikuwa ukutani.

Alistaafu mwaka 2021, Novemba 2022 moyo ukaanza kumsumbua, na Januari mwaka huu akasikia kwamba ofisini wameweka programu mpya ya kupanga maandishi, inayofuta mistari mitupu yenyewe, hata ile ya baada ya makro. Shemeji anasema alikaa kitandani akahesabu kwa sauti hospitali zenye pampu zile. Kesho yake akaomba ruhusa airekebishe leksa, akiwa na dripu mkononi, akayapitisha upya kwenye asembla mafaili 412 ya zamani akiogopa kwamba tiba itazaa ugonjwa mwingine, yote yakatoa namba zilezile za awali, na bado hakuamini, akasema macho yake hayatoshi, anamhitaji Nukta. Akaogopa kumpigia, shemeji ndiye aliyepiga, na Nukta akaja, akakaa kando ya kitanda wiki mbili akijaribu kila pembe, hadi marekebisho yakakubaliwa na kuwekwa ofisini tarehe 31 Mei. Kaka alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa tatu asubuhi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliotuletea viti na maji bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wote. Wa mwisho ninayemshukuru ameketi safu ya tatu karibu na mlango, na hapa nasoma alivyoandika marehemu, sipunguzi neno.

"Dada Nukta, kosa lilikuwa langu, na nililijua siku ile ile ya kikao. Jaribio la kwanza ulilolileta lilikuwa faili lako la mwaka 2006, lile lisilo na mstari mtupu, umelitunza miaka yote hiyo, na pampu ikasimama, ukanitazama, nikajua kwamba unajua na kwamba unanisubiri niseme. Nikakuuliza kama chai ina sukari. Ukajibu kwamba ipo, Mzee, na ukaniongezea. Niseme mbele ya watu wote walioambiwa wewe ni mzembe: hukuwa mzembe hata siku moja."

Kaka, nimeisoma yote, naye ameinua uso na amesikia. Pumzika kwa amani.