Afande Erasmus Mihambo na Swali Alilolibadilisha

Mwakadala, 14 Juni 2025

Mimi Asnath Anselm, mwanafunzi wa kidato cha tatu, naahidi kusimulia yote ninayoyajua kuhusu Afande Erasmus Mihambo, yanayofurahisha na yanayouma. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba wasifu huu niuandike mimi. Kamati ya sherehe ya kumuaga ilishangaa, na Mwalimu Agnetha, mwalimu wetu mkuu, akamuuliza kama ana hakika. Afande alinigeukia akasema, "Andika yote, au usiandike."

Afande Erasmus, askari wa wanyamapori wa kituo chetu cha Mwakadala, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Alizaliwa Ziba katika familia ya wafugaji. Alipopangiwa kazi huku alishuka kwenye treni pale Usoke akiwa na sanduku la bati, godoro, na kuku aliyepewa na mama yake. Kuku alitoroka palepale stesheni. Afande husema huyo ndiye mnyama wa kwanza kumponyoka akiwa kazini, na kwamba mpaka leo hajamtolea taarifa kwa wakubwa.

Kituo alichokikuta ni hikihiki tulichonacho, chumba cha matofali kando ya njia ya zamani ya misafara. Zamani walipita hapo wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani, wakielekea pwani. Siku hizi hupita baiskeli za warina asali na mikokoteni ya tumbaku. Afande alituambia darasani kwamba babu zetu walibeba zile pembe bila mtu kuwauliza wamebaki ndovu wangapi, kwa hiyo kuuliza ni kazi yetu sisi.

Kila muhula alikuja shuleni kutufundisha. Alikuwa na kifuko cha majivu mfukoni. Aliyamwaga kidogo hewani ili tuone upepo unakokwenda, maana ndovu anakujua kwa harufu kabla hajakuona, na ukimkuta unamwachia njia taratibu, hukimbii. Alitufundisha tusisimame kati ya kiboko na maji, na tupitapo penye vichaka tuongee kwa sauti ili nyati asishtuke. Kwa wale wenye vibali vya kuwinda alikuwa mkali zaidi. Hakutaka kusikia mtu amempiga jike mwenye ndama, wala mnyama aliyeinamia maji. Alisema anayefyatua risasi awe tayari kumfuata mnyama mpaka mwisho kwa miguu yake mwenyewe, la sivyo aache bunduki nyumbani.

Siku moja alikuwa akituonyesha namna ya kusimama imara mbele ya fisi. Beberu wa Mwalimu Agnetha akatokea nyuma ya jiko la shule akampiga kichwa kiunoni, na Afande akaruka benchi. Theodora, rafiki yangu, akauliza kutoka nyuma, "Afande, na sisi turuke hivyohivyo?" Alicheka mpaka akajifuta machozi. Akasema kwa fisi tusimame, ila kwa mbuzi wa mwalimu mkuu kila mtu ajiokoe.

Ningependa kuendelea na hayo tu, lakini nimeahidi.

Baba yangu, Anselm Lutonja, alikuwa mrina asali. Mwezi Juni mwaka 2018, nikiwa darasa la tatu, Mzee Mhoja, mkulima wa tumbaku wa kitongoji cha jirani, alimpiga nyati kwa gobore alfajiri bila kibali. Risasi haikuua. Nyati aliingia kwenye vichaka vya korongo. Nyati aliyejeruhiwa haendi mbali. Huzunguka, akajificha kando ya nyayo zake mwenyewe na kumsubiri atakayezifuata. Mzee Mhoja aliyajua hayo akaogopa. Alilificha gobore, akaja kituoni kusema kwamba ameona damu ya nyati porini.

Wiki zile wakubwa walikuwa wakidai majangili wakamatwe, maana nyama ya porini ilikuwa ikiuzwa mpaka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Afande aliona weusi wa baruti kwenye vidole vya Mzee Mhoja. Akamuuliza bunduki ni ya nani. Mzee Mhoja akasema hana bunduki. Akamkalisha kwenye benchi la nje mpaka aseme kweli, akauliza tena na tena, na kila alivyouliza ndivyo yule alivyozidi kukana, kwa sababu kila jibu lilikuwa linampeleka jela.

Wakiwa hapo baba alipita na baiskeli yake, ndoo nyuma, bomba la moshi wa kufukuzia nyuki limening'inia kwenye usukani. Alishuka kama alivyozoea, akasalimu. Afande alikuwa na hasira na mtu wa kwenye benchi, hakugeuka vizuri. Alimpungia mkono apite. Mzee Mhoja naye alimwona, akanyamaza. Mzee mwenyewe ameniruhusu niandike hivyo. Baba akapanda baiskeli akaenda kwenye mizinga yake, na njia ya mizinga inapita korongoni.

Jua lilipofika utosini Mzee Mhoja alikiri. Walitoka mbio wote wawili. Waliikuta baiskeli kwanza.

Waliombeba baba kumrudisha wapo hapa kijijini, hawahitaji mimi niwasimulie. Afande alimfuata yule nyati siku hiyohiyo, Mzee Mhoja akimwonyesha njia, na alimuua kabla ya jua kuzama. Watu wakaja na visu na mabeseni. Aliwafukuza, akasema nyama ile haitaliwa yeye akiwa hai, akasimamia mpaka ikafukiwa. Mzee Mhoja alipelekwa mahakamani akafungwa. Afande hakushtakiwa popote, kwa kuwa hakuvunja sheria yoyote. Aliuliza lile askari yeyote angeliuliza.

Siku ya kuanua matanga alikuja bila sare. Aliketi chini na wanaume wengine, kisha akasimama akamtazama mama.

"Anselm alipita mbele yangu," alisema. "Nilikuwa na mtu aliyejua nyati alipo, nami nikamuuliza habari za bunduki."

Bibi alianza kulia upya. Mama, ambaye hapa wengi mnamwita Mama Anton, alimshika bibi mabega. Miezi ikapita. Afande alikuwa akileta unga, mara chumvi, mara sabuni, na kila alipokuja alisema pole tena, akisimama mlangoni kofia mkononi. Nakumbuka siku mama alipoacha kutwanga akamwambia, "Afande, pole zako zimenichosha, sina pa kuziweka. Nenda kabadilishe lile swali."

Alilibadilisha. Tangu siku hiyo, mtu yeyote aliyefika kituoni na habari za mnyama aliyejeruhiwa aliulizwa kwanza mnyama yuko upande gani. Hakuulizwa jina, wala bunduki. Njia zilifungwa, rimu ya lori iliyotundikwa shuleni ikagongwa, na warina asali, waokota uyoga na watoto wachunga mifugo wakarudi nyumbani. Kisha Afande alikwenda na mleta habari kumfuata mnyama mpaka amalizike. Sheria ilikuja baadaye. Haikufutwa, ilisubiri watu wawe salama. Wapo waliotozwa faini na wapo waliofungwa, lakini walikuja. Alikuja kijana aliyenasa chui kwa waya. Akaja Mama Suzana kusema mumewe amempiga nyati na anaona haya kuja mwenyewe. Afande alimwambia haya zake azibebe, ila aje aonyeshe njia. Tangu baba afe, hakuna mwingine aliyeuawa kwenye njia zetu na mnyama aliyejeruhiwa.

Mzee Mhoja alipotoka gerezani alifika kwetu kabla ya kwenda kwake. Mama alimpa maji. Sasa Mzee Mhoja ndiye anayegonga ile rimu, na kijiji kizima hujua ni yeye kwa jinsi anavyoigonga, kana kwamba anataka kuivunja.

Utaratibu huu hakuna amri iliyouweka. Ulikaa ndani ya mtu mmoja tu, na mtu huyo anaondoka.

Mwezi wa tano Afande alikwenda Ziba kuezeka nyumba atakayohamia. Jioni moja alifika mtu kituoni kwa baiskeli, akamkuta askari wa zamu aliyetoka mbali. Askari yule hana kosa. Alimuuliza jina lake, anatoka wapi, na kama ana silaha. Yule mtu akasema amepotea njia, akageuza baiskeli akaondoka. Theodora alikuwa akipita kutoka kisimani. Anasema yule mtu alijifunika uso kwa kitambaa hivyo hakumtambua, ila shati lake lilikuwa na damu na hakuonekana kuumia popote.

Afande aliporudi alizunguka porini na Mzee Mhoja mpaka nyayo zao zikapasuka. Walipata damu iliyokauka kwenye majani, wakaifuata, ikapotelea kwenye majabali. Mpaka leo hatujui alijeruhi nini, wala kiko wapi. Njia ya korongoni imefungwa. Kaka yangu Anton, ambaye ndiye mwenye mizinga ya baba sasa, amekwisha kunoa kisu na kushona mfuko wa bomba la moshi. Asali ya msimu haimsubiri mtu, na mama hawezi kumzuia milele. Ada yangu na ya mdogo wangu hutoka humohumo. Usiku namsikia mama akitembea chumbani.

Afande Erasmus, tunakushukuru. Wengine watakushukuru kwa ndovu uliowaondoa mashambani bila kuwaua na kwa majangili uliowakamata, nami nakushukuru kwa siku uliyosimama mbele ya waombolezaji ukasema kweli ambayo hakuna aliyekulazimisha kuisema. Uende Ziba salama. Ng'ombe wako wanenepe na nyumba yako mpya isivuje. Mama amesema niongeze hili kwa maneno yake: ulale usingizi mzuri, na ukimwona Anselm ndotoni akipita na baiskeli, umwitikie salamu yake, kwa kuwa yeye hana kinyongo.

Maneno yaliyobaki ni kwa Bwana Revocatus, askari mpya anayekuja kushika kituo chetu. Shikamoo. Karatasi hizi zinapelekwa Tabora kupigwa chapa kwenye duka la Mtendeni, na tumeambiwa wewe uko huko unamalizia uhamisho, kwa hiyo utazisoma kabla yetu. Namwomba atakayezileta arudi na jibu lako. Nimeacha nafasi chini ya ukurasa huu ili lichapwe hapohapo, kila mtu alisome. Siku ya sherehe watakuja watu wa vitongoji vyote, maana kuna pilau. Naamini yule mtu mwenye shati la damu naye atakuwepo, ameketi katikati yetu, anakutazama. Ni yeye peke yake anayejua njia ipi isipitwe. Anajua Afande anaondoka, na wewe hakujui.

Bwana Revocatus, mtu huyo akisimama siku hiyo na kukufuata, utamuuliza nini kwanza?