Somo la Mwisho la Bwana Majibu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una chungu jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko njiani, tembea tu, lakini nipe sikio moja. Leo tunamkumbuka mwalimu. Na nawaambia mapema, sina cha kuwachangamsha. Nimekaa na familia yake, nimekaa na walimu wenzake, na nimerudi hapa studio na moyo mzito.

Tunamkumbuka mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Alifariki siku ileile aliyofaulu ukaguzi wake wa mwisho wa ualimu. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: alifaulu asubuhi, akafariki alasiri. Wanafunzi walimwita Bwana Majibu. Nami nitamwita hivyo hivyo, maana mwenyewe alilipenda jina hilo, ingawa ndilo lililombebesha mzigo.

Kabla ya kushika chaki, Bwana Majibu alikaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi. Misumari, rangi, mabomba, saruji. Duka la namna hiyo halitaki mtu mzito wa ulimi. Mteja anakuuliza bomba gani linaingia kwenye koki hii, wewe ukianza kukuna kichwa, yeye kashavuka barabara kwenda duka la pili. Basi akajizoeza kujibu kabla swali halijaisha. Na katikati ya wateja, alisoma. Alijiunga na masomo ya masafa, akapata shahada yake ya hesabu hapohapo dukani.

Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, aliniambia hivi: "Alisoma amekalia mfuko wa saruji. Suruali zake zote zilikuwa na vumbi makalioni. Nikamwambia, mdogo wangu, hata ukiwa mwalimu hutabadilika sana. Vumbi litahama tu, litoke nyuma lije mbele."

Alicheka dada mtu aliponisimulia hilo. Halafu akafuta macho kwa upande wa khanga.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, shahada si cheti cha ualimu. Ili upate cheti cha kufundisha sekondari, njia aliyoichagua ilikuwa ya ualimu tarajali. Yaani unafundisha huku wewe mwenyewe bado unafundishwa. Mchana uko mbele ya wanafunzi, jioni na Jumamosi uko dawatini chuoni. Shuleni unapewa mwalimu mlezi wa kukushika mkono. Na kila baada ya muda, mkufunzi kutoka chuoni anakuja, anakaa nyuma ya darasa na karatasi zake, anakukagua. Na ipo sheria moja, naomba muishike: ukikosa kazini kupita muda uliowekwa, hata kwa ugonjwa, mwaka wako hauhesabiwi. Unaanza upya.

Mwalimu wake mlezi ni mwanamke mdogo kwake kwa miaka mingi. Yeye alimwita "kaka". Bwana Majibu akamwita "mwalimu wangu", na kila akimwita hivyo mama wa watu anaona haya. Huyo mlezi ndiye aliyegundua tatizo.

"Kaka alikuwa anajua hesabu na anawapenda watoto," aliniambia. "Lakini hakuweza kuvumilia kimya. Anauliza swali zuri kabisa, darasa linaanza kufikiri, na kabla mtoto hajafungua mdomo, kaka kashajibu. Nikamuuliza, mbona hukungoja? Akaniambia, mwalimu wangu, niliona wanateseka."

Mazoea yana taabu, wasikilizaji. Dukani kimya kilikuwa hasara. Darasani kimya ndicho kazi yenyewe, maana mtoto hafikiri akishajibiwa. Mkufunzi wa chuo alimkagua akamwangusha. Akarudi, akamwangusha tena. Mara zote mbili aliandika jambo lilelile: mwalimu anajibu maswali yake mwenyewe. Ikabaki nafasi moja. Akianguka hiyo, cheti hakuna, na dukani kashaaga.

Nyumbani yakaanza mazoezi. Mkewe ni fundi cherehani, anashonea sebuleni. Bwana Majibu akawa akitoka chuoni jioni anavuta kiti mbele ya cherehani, anamuuliza mkewe swali la hesabu, halafu anajilazimisha kunyamaza.

"Nilimtesa makusudi," mke alisema, na hapo ndipo pekee nilipomwona akitabasamu. "Jibu nalijua, lakini nashona zangu tu. Napindua kitambaa, natafuta uzi. Yeye anatoka jasho. Anajishika mdomo kwa mkono. Nikamwambia, subira huvuta heri, baba. Akaniambia, basi ivute haraka, mimi nakufa hapa."

Ni maneno ya mzaha tu. Mke anayarudia sasa, na kila akiyarudia anasimamisha cherehani.

Maana jasho lile, wasikilizaji wapendwa, halikuwa la kungoja jibu peke yake. Kifua kilikuwa kimeanza kumbana. Akipanda ngazi za shule, anasimama katikati, anajifanya anasoma matangazo ukutani. Mkewe akiuliza, anasema ni gesi. Alikwenda kwa daktari kimyakimya. Daktari akamwambia moyo hauko sawa, pumzika kwanza, acha kazi kwa muda, tukutibu.

Apumzike? Na ile sheria? Mwaka ungepotea, na ukaguzi wa mwisho ulikuwa umekaribia. Alimwambia mtu mmoja tu, dada yake. Na alimwapisha kabisa asimwambie mke wala mtu wa shule. "Nikishakaguliwa, dada, nalala kitandani mpaka mnichoke. Lakini acha nikaguliwe kwanza."

Dada akakubali. "Wifi yangu hakujua," aliniambia. "Mimi nilijua. Nilidhani namtunzia siri yake. Kumbe namtunzia maradhi."

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tunaisema methali hiyo kila siku, tena kwa kidole kilichonyooka. Lakini nikimfikiria huyu ndugu, kidole changu kinakosa pa kuelekea. Alikuwa na kitanda upande mmoja na maisha yake yote upande wa pili, na katikati kuna karatasi ya chuo inayosema ukiugua utaanza upya. Ningekuwa mimi, sijui.

Siku ya ukaguzi ikafika. Alivaa shati aliloshonewa na mkewe. Mkufunzi wa chuo akakaa nyuma, mwalimu mlezi akakaa kando yake, kila mtu na karatasi yake. Bwana Majibu alikuwa amekuja na makopo mawili ya rangi, matupu, ya urefu mmoja. Moja upana wake mara mbili ya jingine. Akayaweka mezani.

Akauliza: "Kopo hili jembamba na hili pana, urefu ni uleule. Kipenyo kimeongezeka mara mbili. Je, kopo pana litachukua rangi mara ngapi ya hili jembamba?"

Darasa zima likaitika, "Mara mbili!"

"Mna hakika?" akauliza. Halafu akanyamaza.

Wasikilizaji wapendwa, nimewauliza watu wote waliokuwamo, na wote wanakubaliana. Kilikuwa kimya kirefu kuliko kimya chochote walichowahi kukisikia darasani kwake. Mwanzo wanafunzi walicheka chini chini, wakijua Bwana Majibu atashindwa, atajibu sasa hivi. Hakujibu. Alishika ukingo wa meza. Akakaa taratibu kwenye kiti, mkono mmoja kifuani. Watoto wakaacha kucheka, wakaanza kuyatazama makopo. Mmoja akachora kwenye daftari. Mwingine akabisha. Na msichana anayekaa dirishani, ambaye huwa hasemi, akainuka mwenyewe bila kuitwa, akaenda ubaoni. Akachora duara dogo, akachora duara kubwa. Akapiga hesabu ya eneo la kila moja. Akageuka akasema, "Si mara mbili. Ni mara nne."

Darasa likalipuka. Wengine wanapinga, wengine wanamtetea, wanabishana kwa hesabu, wasikilizaji, si kwa kelele tu. Msichana akamtazama mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Hakusema neno.

Kule nyuma, mkufunzi alikuwa anaandika. Nimeruhusiwa kuwasomea alichoandika: "Hatimaye anangoja. Utulivu wa hali ya juu." Akampa alama za juu kabisa.

Kengele ikalia, wanafunzi wakatoka wakiendelea kubishana. Mkufunzi akaja mbele, akampa mkono, akamwambia umefaulu, hongera sana. Mkono alioupokea mkufunzi ulikuwa wa baridi na umelowa. Bwana Majibu akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka kumjibia yule mtoto. Sauti haikutoka."

Wakacheka. Wote wawili, mkufunzi na mwalimu mlezi, wakacheka, maana walijua ni mzaha wake. Naye akacheka kidogo. Halafu akaomba maji. Walipoleta maji, alikuwa ameinamia meza.

Hospitali walifanya walichoweza. Alasiri akafariki.

Msibani, mkufunzi yule alikuja akakaa pembeni ya waombolezaji. Mtu mzima, amekagua walimu wengi mno. Alipopewa nafasi ya kusema, alisema maneno machache. "Nilimpa alama kwa kimya kile. Mpaka leo sijui kama nilimpa mwalimu au niliupa ugonjwa wake." Akakaa chini.

Mke ndiye aliyemjibu, kutoka alipokuwa ameketi na wifi yake. "Kwani alifaulu au hakufaulu?"

"Alifaulu, mama."

"Na alijua?"

"Nilimwambia. Alicheka."

Mama akasema, "Haya." Cheti kiko tayari. Hakuna mtu wa familia aliyepata nguvu ya kwenda kukichukua.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mama mjane, fundi wetu, pole sana. Hatuna neno la kukutosha. Kwa dada, uliyekuwa mama kwake, pole, na tafadhali usiubebe mzigo huu peke yako, kwa kuwa wengi tumeushika upande mmoja. Kwa mwalimu mlezi na wanafunzi wa darasa lile, poleni. Msichana wa dirishani, kama unanisikia, jibu lako lilikuwa sahihi. Usiache kuinuka.

Na sisi tuliobaki, tufikiri. Wewe unayeficha maumivu kwa sababu ya kazi, mwambie mtu wa nyumbani kwako leo. Wewe uliyeweka sheria kwamba mgonjwa aanze upya, isome tena, safari hii ukimfikiria mtu unayemjua. Na wewe ambaye kazi yako ni kukaa nyuma na kupima wenzako, nina ombi moja tu.

Siku ile chumba kilijaa, na kila mmoja alikuwa anafanya kazi yake vizuri. Watoto walikuwa wanatazama ubao. Watu wazima wawili walikuwa wanatazama karatasi zao, wanaandika sifa. Na aliyekuwa anasifiwa alikuwa anakufa pale mbele, mchana kweupe. Inua macho, ndugu yangu. Mtazame mtu usoni kwanza, ndipo uandike.