Sista Remi, Mkunga wa Rogbori Aliyetaka Daraja

Marehemu Remilekun Abioseh Yillah, wa ukoo wa Metzger, ambaye wengi wenu mlimwita Sista Remi na baadhi yenu mlimwita mengine mikutanoni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kissy, Freetown. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Josiah Metzger, seremala wa bandarini, na marehemu Ransolina. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa, bali alimkodolea mkunga macho kama anayedai maelezo. Alibatizwa mwezi uliofuata, na huko kanisani alilia vya kutosha.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1957, na mwaka 1964 akajiunga na shule ya sekondari ya wasichana, alikomaliza mwaka 1969. Familia haitadai kwamba alikuwa wa kwanza darasani. Walimu wake walisema ana akili na ana mdomo, na kwamba mdomo hutangulia. Katika mdahalo mmoja wa shule alipangiwa kutetea upande asiouamini. Akautetea mpaka akashinda, kisha akasimama tena akawaambia waamuzi kwamba wamekosea. Alinyang'anywa zawadi, ambayo ilikuwa kamusi.

Alisomea uuguzi na ukunga mjini Freetown kuanzia mwaka 1970, na Januari 1975 alipangiwa kituo cha afya cha hapa Rogbori. Alivuka na pantoni akiwa na sanduku moja, akimwambia mama kwamba ni kwa miaka miwili tu. Alistaafu hapahapa mwaka 2011, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuitwa. Hakuwa mkunga wa maneno matamu. Akina mama waliojaa hapa leo wanaikumbuka sauti yake chumbani: "Usinililie mimi, si mimi niliyekupa mimba. Sukuma!" Wengi wenu mliokaa kwenye viti vya mbele mlipokewa na mikono yake, na aliwakumbuka kwa uzito mliozaliwa nao kuliko kwa majina.

Mwaka 1978 alichumbiwa na Santigie Yillah, kijana wa hapa Rogbori, wakati huo nahodha wa pantoni yetu. Posa ilipelekwa nyumbani kwetu Kissy Jumamosi ya tarehe 8 Aprili. Sisi Wakrio, wageni wakija na kibuyu chao cha posa na kusema wameona ua katika bustani ya nyumba, hatuwatolei ua hilo mara moja. Tunawaletea mabinti wengine mmoja mmoja, nao wanapaswa kukataa kwa adabu mpaka atoke mwenyewe. Mjumbe wa upande wa bwana harusi alikuwa baba yake mdogo, Pa Foday, mtu mwema ambaye hakuwa ameelezwa lolote. Aliletewa kwanza binti wa jirani, akashangaa. Kisha akaletewa shangazi yetu Daphne, mjane wa miaka sitini na kitu, amejifunga kilemba cha harusi. Pa Foday alitazama saa yake.

"Huyu anafaa," akasema. "Tumemkubali. Twendeni jamani, pantoni ya mwisho haimsubiri mtu."

"Basi ngojeni nikachukue mkoba wangu," akajibu Shangazi Daphne.

Marehemu alikuwa nyuma ya pazia. Alitoka bila kuitwa, jambo ambalo halijawahi kufanyika katika ukoo wetu, akasema, "Anayeolewa ni mimi!" Vicheko vilipokwisha, pantoni ilikuwa imeondoka na wageni wakalala sakafuni kwetu. Nahodha wa safari ile ya mwisho alikuwa bwana harusi mwenyewe. Aliwaona wazee wake hawapo, akaondoka kwa saa yake. Ndoa ilifungwa tarehe 22 Aprili, asubuhi kwa mchungaji na alasiri kwa imamu, na wote wawili walikula wali wetu. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Watu wa kivuko wanajua desturi yao, ila nitaitaja kwa ajili ya wageni. Maiti akifika gatini, hutangulia. Pantoni hupiga honi, jeneza huingia na waombolezaji wake, na safari hiyo haichanganywi na gari lingine wala mzigo. Desturi hii ni ya heshima na hakuna aliyewahi kuihoji.

Tarehe 17 Juni 1986, katikati ya mvua, marehemu alifika gatini na gari la wagonjwa. Ndani alikuwamo Yeabu Dumbuya, mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu, ambaye kituo chetu kisingeweza kumsaidia. Pantoni ilikuwa imeshapakia jeneza la mfanyabiashara mmoja lililokuwa likipelekwa mjini. Nahodha alikuwa Santigie. Waliokuwapo wanayakumbuka mazungumzo yao, kwa sababu hayakuwa marefu.

"Santigie, nina mtu anakufa humu."

"Remi, kuna maiti ndani."

"Maiti ana haraka gani?"

"Desturi si yangu, mke wangu. Nikiwaingiza nyie, kesho sina kazi na wazee hawatanitazama."

Pantoni ikaondoka. Mabaharia wake wanashuhudia kwamba siku ile alirudi kwa kasi ambayo injini ile haikuwahi kuombwa. Alipofika, Yeabu alikuwa amekwisha kufa, na mtoto wake naye. Marehemu alimfuata mumewe mlangoni mwa pantoni akamwambia, "Sasa anaruhusiwa kutangulia, si ndiyo?"

Hakumwambia neno jingine mpaka mvua za mwaka ule zilipoisha. Alimpikia, akamfulia, akalala kitanda kimoja naye, lakini hakumsemesha. Waliporudi kusemezana, marehemu alikuwa na hoja moja ambayo hakuiacha tena maisha yake yote: Rogbori ijengewe daraja. Mzee Santigie, kwa upande wake, hakulizungumzia tena suala la Yeabu, wala kumjibu mkewe lile swali la haraka ya maiti. Sisi wa familia tulijifunza kutoliuliza.

Mjadala wa daraja umekuwapo muda mrefu kuliko baadhi ya wasikilizaji wangu. Wapimaji wamekuja na kofia zao, wamepaka rangi mawe, wameondoka, na wamekuja wengine wakayapaka upya. Kila walipokuja, mkutano uliitishwa katika ukumbi wa shule. Marehemu na mumewe walikwenda chini ya mwavuli mmoja, wakifika mlangoni wakaachana, yeye akakaa kwa watu wa daraja na mzee kwa watu wa pantoni. Ni haki kusema kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mama Kadi, muuza akara za kunde wa gatini, aliuliza katika mkutano wa mwaka 2017, "Daraja likija, nani atakula akara zangu? Magari yatapita vuu! Gari lina tumbo?"

"Gari halina tumbo, Mama Kadi," marehemu akajibu. "Wenye matumbo ni wale ninaokaa nao hapo gatini wakilia, na wewe unawauzia akara."

Ukumbi ulipiga kelele. Mzee Santigie akasimama. Alikuwa amestaafu, na vijana wa pantoni walikuwa wamemfanya msemaji wao.

"Daraja halina nahodha," akasema. "Likiharibika, mtamlaumu nani?"

"Na pantoni ikiharibika ninamlaumu nani? Nahodha ninaye, ananikoromea kila usiku, na jibu sijapata."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mzee alicheka pia, lakini aliketi kabla ya wengine kumaliza. Jioni hiyo walirudi chini ya mwavuli uleule, wakala kisamvu cha sufuria moja. Mtu aliyewaona njiani asingejua kwamba walikuwa mahasimu.

Mwaka 2019 marehemu aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu. Alikunywa dawa zake na kuwafokea waliosahau kunywa zao. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, alianguka jikoni kwa kiharusi. Na hapa familia inaomba isikilizwe vizuri, kwa sababu kuna mengi yanayosemwa.

Kamati ya daraja ilitujia tukiwa bado kwenye matanga, ikaomba tuandike kwamba Sista Remi amekufa kwa kukosa daraja. Wangelisoma hilo katika kikao cha wapimaji mwezi ujao, na walisema lingewaliza hata mawaziri. Siku iliyofuata vijana wa pantoni nao wakaja, wakaomba tuandike kwamba pantoni ilimvusha salama na kwa hiyo daraja la nini. Familia imekataa kuwa shahidi wa upande wowote kwa uongo. Ukweli ni kwamba pantoni ilikuwa gatini, iliondoka mara tu alipoingizwa, na alifika hospitali mjini kabla ya adhuhuri. Madaktari walisema kiharusi kilikuwa kikubwa na kwamba hata angeanguka mlangoni pao isingesaidia. Alifariki Jumatano, tarehe 13 Novemba, mume wake akiwa ameshika mguu wake, kwa kuwa mikono ilijaa mipira ya dawa. Ukweli mwingine ni kwamba alitaka daraja mpaka mwisho, na sababu yake hamhitaji kuambiwa na mimi. Angetaka mlipate kwa sababu hiyo, si kwa kuzua nyingine.

Marehemu ameacha mume, Mzee Santigie Yillah, watoto watatu, Josiah, Yeabu na Marian, wajukuu saba, na ndugu wawili, Bi Ore na mimi ninayesoma, Ekundayo. Mtoto wake wa pili alizaliwa mwaka 1987, na jina alipewa na mama yake bila kumshauri mtu.

Hapo ndipo programu mliyoshika inapoishia. Ninaongeza la mdomo, kwa sababu mmetusubiri juani tangu asubuhi na mna haki ya kujua kwa nini.

Tulifika gati la mjini mapema na jeneza. Mabaharia, kama ilivyo desturi, wakaondoa foleni yote: lori la vitunguu, teksi mbili, pikipiki, akina mama na vikapu vya mikate. Honi ikapigwa. Gari letu likaanza kuingia. Mzee Santigie akashuka, akapita mbele ya gari na fimbo yake, akasimama katikati ya mlango wa pantoni.

"Rudini nyuma," akamwambia dereva wetu. "Hao waingie kwanza."

Nahodha wa sasa, ambaye alifundishwa kazi na yeye, alishuka mbio. "Baba, huyu ni mama. Ni maiti. Wewe ndiye uliyenifundisha!"

"Ndiyo. Nilikufundisha vibaya."

Bi Ore, ambaye amelia wiki mbili na amechoka, akamfuata, akamshika mkono. "Shemeji, hakuna mgonjwa hapa. Tazama. Ni vitunguu tu."

"Nimeviona," mzee akasema. "Waingie."

Wakaingia wote, hata muuza mikate wa mwisho, na pantoni ikaondoka ikituacha gatini na jeneza. Mzee alikaa kwenye jiwe kando ya gari, mkono wake juu ya kioo cha upande aliolala mkewe. Nilikaa karibu naye. Alizungumza mara moja tu, na si na mimi.

"Hana haraka yoyote, Remi," alisema. "Ulisema kweli. Hana haraka yoyote."

Tumevuka na safari iliyofuata, katikati ya magari ya watu. Ndiyo maana tumechelewa.

Mungu ampokee dada yetu, na ampe raha.